Nani Anatwishwa Mzigo? Hotuba za Marais Wakiapishwa, na Ipi Ifae Mdahalo wa Shule

Klabu yetu ya mdahalo hapa Mtwara imekubaliana kuiacha ile mada ya "mwalimu ni bora kuliko mkulima", ambayo sasa hata madawati yanaijua kwa moyo. Mwaka huu tunachukua hotuba ya rais siku ya kuapishwa, tunaisoma kwa Kiswahili mbele ya shule, kisha pande mbili zinabishania alichokisimamia. Hapo hapakuwa na ubishi. Ubishi ulianza tulipoulizana: hotuba ya nani?

Kidato cha Tatu walishajibu "Kennedy!" kabla sijamaliza kuuliza. Nikawaomba wanisomee wanachokijua, wakanipa sentensi ile ile moja: "Usiulize nchi yako itakufanyia nini, uliza wewe utaifanyia nini nchi yako." Baada ya hapo, kimya. Ikabidi likizo yangu iishie kwenye hotuba tano sita nilizoziweka ubavu kwa ubavu, na haya ninayaandika kwa ajili ya mwalimu au kiongozi wa klabu atakayekutana na kazi hiyo hiyo.

Nilikuwa na vipimo vingi mwanzoni: urefu, ugumu wa lugha, umaarufu wa msemaji. Kipimo kilichonifaa kuliko vyote nilipewa barazani na mzee jirani yangu, mkulima wa korosho mwenye shamba upande wa Tandahimba. Nilimsomea sentensi ya Kennedy nione ataipokeaje. Akaifikiri kidogo, akasema, "Mwalimu, mimi nchi nimeshaifanyia. Korosho zangu ziko ghalani tangu wiki iliyopita. Sasa ni zamu yake."

Nilicheka, lakini usiku ule nikazisoma hotuba zote upya nikiuliza swali moja tu: huyu rais anayeapa, mzigo anamtwisha nani? Kila hotuba ikajibu kwa namna yake, na tofauti zao zikaonekana wazi kuliko nilipokuwa nahesabu maneno.

Tuanze na Kennedy, maana ndiye anayependwa. Aliapishwa Januari 20, 1961, akiwa na miaka 43, Washington ikiwa imefunikwa na theluji. Hotuba haifiki maneno 1,400 na aliimaliza kwa dakika kama 14. Kwa kusomwa kwa sauti, haina mpinzani. Sentensi zake zinakwenda mbili mbili kama makasia: tusijadiliane kwa sababu ya woga, wala tusiogope kujadiliana, jamii huru ikishindwa kuwasaidia maskini wengi, haiwezi kuwaokoa matajiri wachache. Na ile sentensi ya mwisho mwisho, kwa sikio langu, imekaa vizuri zaidi kwa Kiswahili kuliko ilivyokaa kwake. "Itakufanyia" na "utaifanyia": nchi na mwananchi wanabadilishana viti ndani ya neno moja.

Wanafunzi hawakujua kwamba humo ndani tumetajwa na sisi. Kennedy anazikaribisha nchi changa zinazotoka kwenye ukoloni, halafu anawageukia watu wa vibanda na vijiji vya nusu ya dunia na kuwaahidi msaada ili wajisaidie wenyewe, eti kwa kuwa ni jambo la haki na si kwa sababu Wakomunisti nao huenda wanafanya hivyo. Tanganyika ilikuwa imebakiza miezi kumi na siku kadhaa kupata uhuru. Mwaka huo huo Peace Corps, shirika la Wamarekani wanaojitolea kufanya kazi nchi za nje, ikaundwa, na mojawapo ya makundi yake ya mwanzo kabisa lilikuja kwetu: wapima ardhi, wahandisi, wanajiolojia. Julai 1963 Nyerere akapokelewa na Kennedy huko Ikulu ya Marekani. Kwa hiyo mwanafunzi akikuuliza hotuba ya Mmarekani inatuhusu nini, majibu unayo mkononi.

Kasoro zake ni mbili, na zote zinauma kwenye mdahalo. Ya kwanza, hotuba karibu yote inatazama nje ya Marekani. Mambo ya ndani yamebanwa kwenye kipande kimoja kinachosema haki za binadamu zitatetewa "nyumbani na duniani kote", wakati mtu mweusi wa majimbo ya kusini alikuwa bado anaonyeshwa kiti cha kukaa ndani ya basi. Ahadi yake ya kulipa gharama yoyote na kubeba mzigo wowote kwa ajili ya uhuru inasisimua hadi unapouliza "wowote" ni upi. Vijana waliopelekwa Vietnam miaka iliyofuata ndio waliokuja kulijibu neno hilo.

Ya pili ni ya kiufundi. Timu ya upinzani itasema nini? Itasimama mbele ya mkuu wa shule na wazazi na kudai kwamba mtu asiitumikie nchi yake? Mwananchi ametwishwa mzigo kwa lugha tamu kiasi kwamba kukataa kunaonekana utovu wa adabu. Mzee wangu wa Tandahimba ndiye mpinzani pekee wa kweli niliyempata, naye hasomi shuleni kwetu.

Sasa mweke pembeni yake Franklin Roosevelt, Machi 4, 1933. (Ndiyo, Machi. Alikuwa wa mwisho kuapishwa mwezi huo. Kuanzia 1937 sherehe ikahamia Januari 20.) Mfanyakazi mmoja kati ya kila wanne hivi hakuwa na kazi. Benki zilikuwa zinafungwa jimbo baada ya jimbo, na watu walipanga foleni kutoa akiba zao kabla hazijayeyuka. Kijana anayejua tu kwamba Marekani ni tajiri hushangaa hapa, na mshangao ni mwanzo mzuri wa somo.

Watu wanakumbuka sentensi moja: la kuogopa ni moja tu, nalo ni woga wenyewe. Ukiisikia peke yake inafanana na maneno ya kufariji msibani. Lakini soma kinachoizunguka. Roosevelt anawataja wenye fedha, wale wabadilishaji fedha waliokimbia viti vyao vya enzi hekaluni, na anasema waziwazi kwamba waliokabidhiwa mali za watu wameshindwa kazi. Anasema jukumu kubwa la kwanza ni kuwapa watu kazi. Hamwambii mtu aliyepoteza akiba yake ajiulize ameifanyia nini nchi. Mzigo anaubeba yeye na serikali yake, na siku mbili baadaye benki zote nchini zilikuwa zimefungwa kwa amri yake ili zikaguliwe kabla ya kufunguliwa tena.

Kufikia hapo mzee wangu angepiga makofi. Lakini anayebeba mzigo huomba na nguvu za kuubebea. Mwishoni mwa hotuba Roosevelt anasema kwamba Bunge lisipochukua hatua zinazotakiwa, ataliomba mamlaka mapana ya kupambana na dharura ile, makubwa sawa na ambayo angepewa kama nchi ingevamiwa na adui wa kigeni. Aya hiyo niliisoma mara tatu. Ni mwaka 1933, na Ulaya kuna wengine wanaomba mamlaka mapana kwa sababu za dharura, nasi tunajua waliyafanyia nini. Roosevelt aliomba ndani ya katiba na Bunge likabaki kuwa Bunge, lakini swali halifi: njaa ikibisha hodi, rais aongezewe nguvu kiasi gani? Hapo timu zote mbili zina la kusema, na hakuna itakayoonekana haina adabu.

Kwa mdahalo, basi, Roosevelt anamshinda Kennedy, na ananoga zaidi akipewa mshindani wa kweli, yaani Ronald Reagan.

Reagan aliapishwa Januari 20, 1981, siku ile ile Wamarekani 52 waliokuwa wameshikwa Iran kwa siku 444 walipoachiwa. Sentensi yake inayotembea duniani ni hii: serikali si dawa ya tatizo letu, serikali ndiyo tatizo. Wengi humkata kichwa. Alianza na maneno "katika janga hili la sasa", na mbele kidogo akafafanua kwamba hakusudii kuiondoa serikali. Anataka ifanye kazi pamoja na watu, isimame ubavuni mwao, isiwapande mgongoni. Mwanafunzi akiyasoma hayo yote atamjibu Reagan halisi. Akiyaruka atapambana na kinyago cha Reagan, na kinyago, kama tujuavyo huku kwa Wamakonde, hukaa vile alivyokichonga fundi.

Ukiwaweka Roosevelt na Reagan meza moja huku Kusini, huhitaji mifano ya Marekani hata kidogo. Korosho inatosha. Tangu msimu wa 2007/08 mkulima wa Mtwara ameuza kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: anapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, unapimwa na kuingia ghalani, anapewa stakabadhi, korosho zinakwenda mnadani, na fedha zinamfuata benki. Kabla ya hapo, na kwa kujificha hata sasa, kuna kangomba, mnunuzi anayefika shambani na fedha taslimu wakati ada ya shule inadaiwa na mvua haijanyesha. Kangomba analipa leo, analipa kidogo. Ghala linalipa zaidi, linalipa baadaye. Timu ya Roosevelt itasema mkulima mmoja mmoja hana nguvu mbele ya mnunuzi, kwa hiyo serikali na ushirika lazima wawe kati. Timu ya Reagan itauliza ni mikono mingapi imekaa kati ya mti na mfuko, na kila mkono unakata nini. Kisha mmoja atainuka na kukumbusha msimu wa 2018, pale bei za mnadani zilipokataliwa na serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Nakuhakikishia hapo mwenyekiti wa mdahalo atapiga kengele mpaka imechoka. Kila mtoto ukumbini ana babu, shangazi au mjomba aliyekuwa na korosho mwaka ule.

Kama klabu yako ni ya vijana wadogo zaidi, au mnayo saa moja tu, achana na hawa wawili ukamchukue Lincoln. Nasema hotuba yake ya pili, ya Machi 4, 1865. Ile ya kwanza, ya 1861, ni ndefu na ya kisheria, inafaa wanaosomea sheria. Ya pili ina maneno kama 700 tu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vinaelekea ukingoni, upande wake unashinda, umati unangoja kusikia ushindi. Hakuwapa. Aliwaambia kwamba pande zote mbili zinasoma Biblia moja na kumwomba Mungu mmoja, kila upande ukitaka msaada dhidi ya mwenzake. Aliutaja utumwa kuwa ndiyo chanzo cha vita, kisha akasema kwamba Mungu akitaka vita viendelee hadi mali yote iliyorundikwa kwa miaka 250 ya jasho lisilolipwa la mtumwa izame, na hadi kila tone la damu lililotoka kwa mjeledi lilipwe kwa tone lililotoka kwa upanga, hukumu hiyo itakuwa ya haki. Mzigo wa dhambi aliugawa kwa wote, kaskazini na kusini. Wiki sita hazijapita, akapigwa risasi, Aprili 14.

Sioni hotuba nyingine ya kigeni iliyo karibu nasi kama hiyo. Mikindani ni mwendo wa daladala kutoka hapa mjini, nayo ilikuwa bandari ya pembe na ya watumwa. Livingstone alianzia safari yake ya mwisho hapo mwaka 1866, mwaka mmoja baada ya Lincoln kufa, na katika safari hiyo njia za kutoka Ziwa Nyasa kuja pwani, Kilwa hasa, zilikuwa bado zinapita watu waliofungwa minyororo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873. Ukimpa mtoto wa Mikindani aya ile ya miaka 250 aisome kwa sauti, hutahitaji kumweleza mazingira ya hotuba.

Tahadhari moja: Lincoln amejaa Biblia, na shule zetu za pwani zina watoto wengi Waislamu. Mimi sikuona tatizo, mradi aliyeitafsiri atumie maneno ya wote. Sentensi yake ya kufungia tumeigombania wiki mbili. "Bila kinyongo kwa yeyote" ilipita mara moja, maana kinyongo kila mtu anakijua. Nusu ya pili ndiyo iliyotuchelewesha. Wengine walitaka "kwa hisani kwa wote", binti mmoja akakataa: hisani ni ya mwenye nacho kumpa asiye nacho, na wale walikuwa wametoka kuuana. "Upendo" wakauona wa kanisani. Kwa sasa tunayo "kwa rehema kwa wote", na ninaipenda, ingawa mwalimu mwenzangu wa Kiingereza hajaridhika.

Utaniuliza, na wa kwetu je? Nyerere aliapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika Desemba 9, 1962, na kesho yake akalihutubia Bunge. Hiyo ndiyo hotuba ya kutafuta. Humo alisema kosa baya kuliko yote la ukoloni ni kutufanya tuamini hatuna utamaduni wetu, akatangaza wizara mpya ya utamaduni na vijana, na akawauliza wabunge ni wangapi wanaojua rumba na cha-cha lakini hawajawahi hata kusikia ngoma zetu kama Gombe Sugu au Lele Mama. Mtwara tungeongeza sindimba, na hapo ukumbi unaamka wenyewe. Humo humo akaeleza kwamba tukitaka kulima kwa trekta inabidi kwanza tuishi pamoja kwenye vijiji. Mwaka 1962 lilikuwa wazo la kuelezwa kwa subira. Katikati ya miaka ya 1970 likawa amri na watu wakahamishwa. Kama una wazee waliohamishwa, walete wakae mstari wa mbele. Ugumu wa hotuba hii ni urefu: utachagua vipande, na anayechagua vipande amechagua na upande. Halafu kuna heshima. Wanafunzi wangu wanaweza kumpinga Reagan bila woga, lakini kumpinga Mwalimu huanza na "kwa heshima zote", huendelea na "kwa heshima zote", na dakika tatu zimekwisha.

Hilo hilo ndilo lililonizuia kumchukua Mkapa, japo ombi lilikuwa kubwa. Aliapishwa Novemba 23, 1995, na kauli yake ya Ukweli na Uwazi ilifuatwa na Tume ya Warioba kuhusu rushwa mwaka 1996. Ni wa kwetu, kaburi lake liko Lupaso, Masasi, na ukitaka kwenda Dar es Salaam unavuka Rufiji kwa daraja lenye jina lake. Jaribuni Morogoro au Mwanza. Huku mdahalo unageuka tanzia.

Anayependa marais wetu wa karibuni akumbuke jambo moja la kumwokolea muda: siku ya kiapo wetu huzungumza machache, na sera zenyewe husubiri hotuba ya Bunge. Kikwete aliapa Desemba 21, 2005 na kulihutubia Bunge siku tisa baadaye. Magufuli aliapa Novemba 5, 2015, hotuba kubwa ikaja Novemba 20 kule Dodoma. Ukitafuta ya siku ya kiapo utadhani hawakusema kitu.

Mandela wa Mei 10, 1994, pale Pretoria, nampa kwaya. Kuwe na kazi, mkate, maji na chumvi kwa wote: mistari kama hiyo inasomwa kwa sauti nyingi kwa kupokezana, na watoto wanaoishi jirani na mashamba ya chumvi wataitikia neno la mwisho bila kuelekezwa. Kuibishania ni kazi bure, maana hakuna atakayesimama upande wa pili.

Sisi tumeamua hivi. Lincoln anafungua, anasomwa mzima na vijana wa Kidato cha Pili, dakika kumi hazifiki. Kisha Roosevelt dhidi ya Reagan, korosho ikiruhusiwa. Kennedy tumempeleka kwenye mahafali, pale wazazi wanapokuja kupiga picha na kila mtu anataka kusikia kitu kizuri. Huko atapendeza na hatadhuru mtu. Kidato cha Tatu wamenuna, lakini wamechukua upande wa Reagan na nasikia wanafanya mazoezi usiku bwenini.

Mzee wa Tandahimba tumemwalika awe mmoja wa waamuzi. Amekubali kwa sharti moja, kwamba isiwe siku ya mnada.